Lebo Haifungui Gunia

Chukua mistari miwili ya Python, lugha ambayo leo hutumika kuandika programu za benki, za maabara na za maduka ya mtandaoni. Mstari wa kwanza unatangaza hesabu ya malipo inayopokea bei na idadi, na ubavuni mwa kila jina kuna lebo inayosema wazi kwamba kinachotakiwa ni namba kamili. Mstari wa pili unazidisha bei kwa idadi na kutoa jibu. Sasa mteja anajaza fomu kwenye simu yake: bei 500, idadi 3. Fomu za mtandaoni hutuma kila kitu kama maandishi, na tuseme mwandishi wa programu alikumbuka kuigeuza idadi kuwa namba, bei akaisahau. Jibu halitakuwa 1,500, wala programu haitagoma. Jibu litakuwa 500500500, kwa kuwa katika Python kuzidisha maandishi kwa 3 ni kuyarudia mara tatu. Lebo ilikuwepo, imeandikwa kwa usahihi, na haikuzuia chochote.

Ili kuelewa kwa nini, turudi nyuma kidogo. Kila data iliyomo kwenye kompyuta ina aina yake: namba, maandishi, tarehe, orodha, ndiyo au hapana. Lugha kama Java humtaka mwandishi atangaze aina ya karibu kila kitu mapema, na programu yenye kasoro ya aina hukataliwa kabla haijaanza kufanya kazi. Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ilichagua njia nyingine. Jina moja linaweza kubeba namba sasa na maandishi baadaye, na kompyuta haiulizi mpaka ifike kwenye mstari wenye kosa. Uhuru huo ndio ulioipa lugha hii umaarufu, maana mwanafunzi anaandika programu inayofanya kazi siku ya kwanza. Lakini uhuru wa mtu mmoja mwenye mistari mia mbili hugeuka mzigo kwa kampuni yenye mamilioni ya mistari iliyoandikwa na watu ambao wengine walishaacha kazi. Mfini Jukka Lehtosalo, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alianzisha mradi uliozaa kikaguzi kiitwacho mypy, ambacho husoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha mahali aina zinapogongana. Mwaka 2015, toleo la Python 3.5 lilizipa lebo za aina nafasi rasmi katika lugha. Kampuni ya Dropbox, ambako van Rossum mwenyewe alifanya kazi kwa miaka kadhaa, ilitangaza mwaka 2019 kwamba imekagua mistari milioni nne kwa njia hiyo.

Jambo moja halikubadilika. Waliopendekeza lebo hizo waliandika bayana kwamba Python itabaki lugha huru na kwamba hawana nia ya kumlazimisha mtu azitumie. Programu inapoendeshwa, Python huzipita lebo bila kuzilinganisha na data iliyofika. Anayezisoma ni kikaguzi, na kikaguzi huwa kimeshamaliza kazi yake kabla mteja hajagusa simu. Ndipo likaja kundi la pili la zana. Maarufu kuliko zote ni Pydantic, iliyoanzishwa na Samuel Colvin mwaka 2017, ambayo huzitumia lebo zilezile lakini huzisoma programu ikiwa hewani, data ikiwa mkononi. Lebo moja, wakaguzi wawili, nyakati mbili tofauti. Kwa hiyo swali ambalo madevelopa hulibishania, la nani kati ya hao wawili anatosha, lina kasoro tangu linapoulizwa. Wakaguzi hawa hawamtafuti mwongo mmoja. Wa kwanza anakamata uongo tunaoambiana sisi tuliomo ndani ya programu. Wa pili anakamata uongo unaoingia kutoka nje. Ni sawa na mnunuzi wa mahindi: anaweza kukaa na wanasheria wake na kuhakikisha mikataba yote ya wauzaji, wasafirishaji na wasagaji haipingani hata kwa nukta, na bado siku lori linapofika ghalani lazima mtu achukue bambo, atoboe gunia na kuangalia kilichomo.

Tuanze na anayesoma mikataba, maana yeye ndiye hudharauliwa na waliozoea Python ya zamani. Hoja yao ni kwamba majaribio yanatosha: endesha programu kwa mifano mingi, kosa litajitokeza. Majaribio yana kazi yake, lakini jaribio hupita njia ile tu ambayo aliyeliandika aliifikiria. Kikaguzi hupitia kila njia iliyoandikwa, hata ile inayotumika mara moja kwa mwaka wakati wa kufunga hesabu. Kinauliza: hapa unatafuta mteja kwenye hifadhidata, na utafutaji unaweza kurudi mikono mitupu, mbona mstari unaofuata unachukulia kwamba mteja amepatikana? Kosa la namna hiyo, la kusahau kwamba pengine hakuna kitu, ni la kawaida kiasi kwamba Tony Hoare, Mwingereza aliyebuni alama ya "hakuna" mwaka 1965, alikuja kuuita ubunifu wake huo, mwaka 2009, kosa la dola bilioni moja. Upo pia ushahidi wa kupima. Mwaka 2017 watafiti Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr walichukua kasoro 400 ambazo tayari zilikuwa zimesahihishwa katika miradi ya JavaScript, lugha huru kama Python, wakaongeza lebo za aina na kuuliza ni ngapi zingekamatwa mapema. Jibu lilikuwa asilimia 15.

Namba hiyo husomwa vibaya na pande zote. Wapenzi wa lebo huitaja kama ushindi, wapinzani huuliza habari za asilimia 85 iliyobaki. Wote wanasahau kwamba zile zilikuwa kasoro zilizopenya majaribio na macho ya wenzao hadi zikaingia kwenye mradi. Makosa ambayo mwandishi angeonyeshwa mezani pake kabla ya kuyapeleka popote hayakuhesabiwa. Kupunguza zaidi ya kasoro moja kati ya saba, kwa kuandika lebo tu, ni faida ambayo fani nyingi zingeililia. Hata hivyo utafiti wa aina hii unahitaji kushikwa kwa tahadhari. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2014 uliohusisha lugha na wingi wa kasoro ulirudiwa na wanasayansi wengine mwaka 2019, na sehemu kubwa ya matokeo haikuthibitika. Mimi siwezi kujenga nyumba juu ya asilimia. Najenga juu ya jinsi zana zenyewe zinavyofanya kazi, na hapo mpaka wa kikaguzi unaonekana bila takwimu yoyote.

Mpaka huo uko pale data inapoingia. Programu nyingi leo huzungumza kwa JSON, maandishi yaliyopangwa ambayo seva moja huyatuma kwa nyingine: taarifa za malipo, matokeo ya mtihani, hali ya hewa. Python inapoyafungua maandishi hayo, kikaguzi hakiwezi kujua kilichomo, kwa sababu wakati kinasoma msimbo barua yenyewe haijaandikwa. Hivyo matokeo hupewa aina maalumu yenye maana ya "chochote", na chochote kinaruhusiwa kwenda popote. Ile bei yetu ya 500 ingekuja kwa njia hiyo, kikaguzi kingepitisha msimbo wote bila onyo hata moja. Angalia ubaya wake: kikaguzi hakikusema "sijui", kilinyamaza, na mwandishi akausoma ukimya ule kama cheti. TypeScript, lugha ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2012 ili kuiwekea JavaScript lebo, ina udhaifu uleule. Lebo zake hufutwa kabisa programu inapotayarishwa kwa kivinjari. Hakuna werevu wa baadaye utakaoliondoa pengo hili, kwa kuwa halitokani na uzembe wa waliotengeneza zana. Linatokana na saa. Aliyekagua asubuhi hawezi kuapa kuhusu mzigo wa jioni.

Kisa kinachoonyesha gharama ya kukosa wakaguzi wote wawili hakikutokea kwenye Python, lakini sioni kingine kilicho wazi zaidi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa mitandao CrowdStrike ilisambaza faili dogo la maelekezo kwa kompyuta za wateja wake duniani. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilizimika. Ndege zilibaki chini, hospitali zilirudi kwenye karatasi. Ripoti ya CrowdStrike yenyewe ilieleza kilichotokea. Muundo wa maelekezo ulitaja sehemu 21, ilhali msimbo uliopaswa kuzijaza ulitoa 20. Ripoti ilikiri mambo mawili yaliyokosekana: hesabu ya sehemu haikuthibitishwa msimbo ulipokuwa unatayarishwa, na hapakuwa na ukaguzi wa mipaka programu ilipokuwa inaendeshwa. Mkataba haukusomwa na gunia halikutobolewa. Na majaribio? Yalifanyika, miezi kadhaa kabla. Ila katika majaribio hayo sehemu ya 21 iliwekewa alama ya kukubali kitu chochote, kwa hiyo programu haikupata sababu ya kwenda kuisoma. Julai ndipo maelekezo ya kwanza yaliyoitaka kweli yalipotumwa, programu ikanyoosha mkono kwenye kumbukumbu isiyo yake, na Windows ikaanguka. Kulikuwa hata na programu ya kuhakiki faili hizo, lakini nayo iliamini kwamba zile 21 zipo.

Hapa msomaji mwenye uzoefu ataleta pingamizi lake kubwa: basi achaneni na lugha huru, tumieni lugha kali tangu mwanzo, na mjadala uishe. Jibu lake liliruka angani tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Roketi ya Ariane 5 iliongozwa na programu iliyoandikwa kwa Ada, moja ya lugha kali kabisa kuhusu aina, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi zisizovumilia makosa. Sehemu ya programu ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake, kipimo kinachohusiana na mwendo wa mlalo, kilichohifadhiwa kwa namba ya desimali ya biti 64, kiligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwa Ariane 4 hilo halikuwa tatizo. Ariane 5 ilijenga mwendo huo kwa kasi zaidi, namba ikafurika, kompyuta ya akiba ikazima, kuu ikafuata kwa kosa lilelile, na chini ya dakika moja roketi ikavunjika. Kila aina ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, wakati ule, kama thamani inaenea. Na uchunguzi ulibaini kwamba wahandisi walijua kuna vigeuzi saba vyenye hatari hiyo. Vinne viliwekewa ulinzi, vitatu vikaachwa, kwa sehemu ili kompyuta isizidiwe na kazi. Walipima gharama ya kukagua, wakakadiria vibaya gharama ya kutokagua.

Gharama hiyo haifai kupuuzwa, maana ndiyo msingi wa pingamizi la upande wa pili: ukaguzi wa wakati wa kuendesha unapunguza kasi. Ni kweli, na wapo wanaojibu kwa kukagua kila mahali, kila hesabu ikiuliza upya kama bei ni namba. Msimbo wa namna hiyo ni mzito kwa kompyuta na mzito zaidi kwa anayeusoma. Pydantic iliandikwa upya kiini chake kwa lugha ya Rust, toleo likatoka mwaka 2023 likiwa na kasi kubwa zaidi, lakini kasi si jibu kamili. Jibu ni mahali. Mwaka 2019 mwandishi wa programu Alexis King alitoa hoja ambayo nakubaliana nayo: usikague data halafu ukaiacha katika umbo lake la zamani, igeuze kuwa umbo jipya ambalo haliwezi kuwepo isipokuwa imepita ukaguzi. Maandishi yakifika langoni, yanatoka upande wa pili yakiwa "Agizo", lenye bei iliyo namba, idadi isiyo chini ya moja na tarehe iliyo tarehe. Kuanzia hapo, kila sehemu ya programu inayodai Agizo inajua lilipita langoni, na sasa kikaguzi cha kabla kinaweza kuhakikisha kwamba hakuna anayepenyeza maandishi ghafi mahali pa Agizo. Mkaguzi wa langoni hufanya kazi mara moja kwa kila mzigo. Msoma mikataba huhakikisha kwamba hakuna mlango wa uani. Kila mmoja ndiye anayeupa uzito ushahidi wa mwenzake, na ndiyo sababu naona ubishi wa nani zaidi umepotea njia.

Lango lenyewe nalo linaweza kufanya uharibifu, hasa likijifanya linajua. Pydantic, usipoiambia vingine, hupokea maandishi "500" na kuyageuza kuwa namba. Kwa bei ni msaada. Kwa namba ya simu ni hasara: mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa akiiwekea lebo ya namba kamili, maandishi 0712345678 yanageuka 712345678, sifuri imeanguka, na ujumbe wa malipo hauna pa kwenda. Kosa ni la aliyechagua lebo. Hakuna anayejumlisha namba mbili za simu. Ni maandishi yenye tarakimu, na vivyo hivyo namba ya kitambulisho. Wanabiolojia walilijua jambo hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi programu ya Excel iliona jina la jeni SEPT2 na kudhani ni tarehe 2 Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatishwa orodha za Excel zilikuwa na majina yaliyoharibika hivyo, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe. SEPT2 ikawa SEPTIN2. Sayansi nzima ilihama ili kuipisha programu inayobahatisha. Lango linalokataa kwa ujumbe mkali huudhi kwa siku moja. Lile linalobahatisha kimyakimya, hasara yake hugunduliwa na watu wengine, miaka baadaye.

Kuna pia uongo ambao lango haliuoni hata likiwa kali, na hapo mkaguzi wa kabla hurudi kwenye kiti chake. Tuseme programu ya kampuni ya usafirishaji inapokea malipo Nairobi, Kampala na Arusha. Shilingi 5,000 ni namba halali katika miji yote mitatu, lakini ni thamani tatu tofauti. Python humwezesha mwandishi kutangaza shilingi ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania kuwa aina tatu tofauti kwa lebo tu. Programu ikiendeshwa tofauti hiyo haipo, zote ni namba. Lakini kikaguzi kitapiga kelele mtu akijaribu kuingiza moja mahali pa nyingine. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999 kwa kosa la ukoo huo: programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya pauni, nyingine ikausoma kama nyutoni, tofauti ya zaidi ya mara nne. Namba zote zilikuwa namba. Kukagua kama kilichofika ni namba kusingesaidia kitu.

Kwa mwenye programu kuukuu isiyo na lebo hata moja, kazi hii inatisha, na ushauri wa kawaida ni kuanza kuweka lebo faili baada ya faili. Mimi ningeanza malangoni, kwa sababu ni machache na kila kinachopita hapo kinaeneza ukweli au uongo kwa wote walio ndani. Ila malango ni zaidi ya fomu na seva za wengine. Hifadhidata yako mwenyewe ni lango, maana data iliyomo iliandikwa na toleo la programu la miaka iliyopita, lililokuwa na imani nyingine kuhusu nini ni lazima. Faili la mipangilio pia ni lango, na ndilo husahaulika zaidi. Mfanyakazi anataka kuzima hali ya majaribio kwenye seva ya wateja, anaandika neno "False". Mipangilio hufika kama maandishi, na Python ikiombwa iyageuze maandishi yoyote yasiyo matupu kuwa ndiyo au hapana, hujibu ndiyo. Hali ya majaribio inabaki imewashwa, huku kikaguzi cha kabla kikiridhika, kwa kuwa kilichotoka ni cha aina ileile iliyotakiwa. Pydantic ikikutana na "False" hiyohiyo huielewa kuwa hapana. Na mfanyakazi mwenzake akiandika "hapana" kwa Kiswahili, inaikataa na kutaja jina la mpangilio wenye tatizo, programu ikiwa bado haijafunguliwa kwa mteja yeyote.